Kutua Mzigo

Lugha ya Kiswahili imeyatafuta mapumziko kwenye mzigo. Kutua ni kukishusha kitu kutoka kichwani au begani na kukiweka chini. Kutokana na kitenzi hicho limezaliwa neno kituo, na kwa ukoo huo huo tulia na utulivu. Ndege hutua mtini, jua hutua magharibi, na mwandishi hutia kituo sentensi inapokwisha. Washairi nao huuita kituo mshororo wa mwisho wa ubeti, kwani hapo ndipo maana hufika na kukaa.

Katika shairi la mizani 16, ukwapi hubeba nane na utao nane. Baina yao pana kina cha kati, na hapo msomaji hupumua. Asiyepumua humeza kina na kuipoteza hoja ya mtunzi. Amefika mwisho mapema, lakini shairi hakulisoma. Pumzi ile ni sehemu ya utungo kama yalivyo maneno yenyewe.

Mabaharia wa zamani waliyajua hayo kwa njia yao. Majahazi ya Oman na Ghuba yalishuka na kaskazi, kuanzia mwezi wa Disemba, yakarejea na kusi kuanzia Aprili. Baina ya pepo hizo palikuwa na maleleji, na hapakuwa na nahodha aliyeweza kuuharakisha upepo. Katika kungoja huko vyombo vilitiwa kalafati, vikapakwa deheni, na matanga yakashonwa. Chombo kilichonyimwa mapumziko hayo kiliyadai baadaye baharini, kwa kuvuja.

Hata hivyo, methali zimegawanyika. Moja hunena kuwa haraka haraka haina baraka. Nyengine hujibu kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Wahenga hawakujipinga. Walipambanua baina ya kutua na kuzembea: aliyetua anajua mzigo wake uko wapi na ataurudia lini, ilhali mzembe ameusahau.

Zama hizi zimeleta hali ya tatu. Mtu huketi barazani alasiri, kikombe cha kahawa mkono mmoja na simu mkono wa pili. Kiwiliwili kimetua, lakini fikra ziko sokoni, ofisini, na katika magomvi ya watu asiowajua. Huinuka hapo amechoka kuliko alivyoketi, akadhani mapumziko hayana faida.

Lakini liko swali zito zaidi, ambalo wenye kuusifu utulivu aghalabu hulipita kimya: ni nani anayebeba wakati wengine wametua? Barazani pana mazungumzo. Uani, saa hiyo hiyo, mwanamke aliyeamka kabla ya alfajiri anakuna nazi, na kazi nyengine inamngoja. Mume huingia ndani akisema amepumzika, na ni kweli. Ila mzigo haukufika chini. Umehamia kichwa chengine. Vivyo hivyo kwa hamali na mtu wa kibarua. Kumwambia apunguze mwendo, hali ujira wake hupimwa kwa siku, ni kumpa nasaha isiyopikika.

Hapa lugha hutoa funzo la pili. Mtu hutua mwenyewe, lakini pia hutuliwa na mwenziwe. Gunia zito humtaka wa kumtwika mchukuzi, na afikapo humtaka wa kumtua. Ndiyo maana Tanzania, katika jitihada za kusogeza maji karibu na watu, umeenea usemi wa kumtua mama ndoo kichwani. Anayechota maji mbali hatuliwi kwa kuhimizwa subira. Hutuliwa kwa bomba lililo karibu na mlango wake.

Kwa hivyo mapumziko si jambo la nafsi moja tu. Ni haki, na haki humwekea mtu mwengine wajibu. Anayetaka kujua kama utulivu wake ni halali, na autazame mzigo alioushusha: uko chini, au uko juu ya nani? Ukiwa chini, na aketi kwa raha, anywe kahawa yake, na simu aiweke mbali. Ukiwa juu ya mwengine, kutua kwake kwa haki kutaanza kwa kuinuka barazani, kuingia uani na kunyoosha mikono.