Nani Aujuaye Mji?

Kuujua mji ni kujua nini? Swali hili laonekana jepesi, lakini ndani yake mna jambo la haki. Mtu mmoja hukunjua ramani mezani akasema, "Mji huu naujua." Mwingine hajapata kuishika ramani maishani mwake, ila ukimwuliza njia atakufikisha hadi mlangoni. Wawili hawa wakipingana, neno la nani lisikilizwe?

Na tuanze na jina la mji wetu. Masimulizi yajulikanayo sana husema kwamba tembo alikuja kunywa maji, akanasa matopeni, na Wagogo waliomwona wakasema "idodomya", yaani amedidimia. Kinachonivuta hapa ni aina ya jina lenyewe. Ni maelekezo ya njia: pale alipodidimia tembo. Tembo hayupo, tope limekauka, lakini mji mkuu wa nchi ungali ukiitwa kwa neno la mpita njia aliyemwelekeza mwenzake.

Nilipokuwa nikifundisha katika chuo cha ualimu, niliwapa wanachuo zoezi: kila mmoja auchore mji wa Dodoma kama aujuavyo, bila kutazama kitabu. Waliokulia karibu na soko walianza na soko. Aliyekuja kwa treni aliiweka stesheni katikati ya karatasi. Wasichana kadhaa walitia alama vichochoro wasivyovipita jioni, na wavulana walishangaa, kwani kwao vilikuwa njia za mkato tu. Hakuna mchoro uliokuwa wa uongo, na hakuna uliokuwa mji mzima.

Mmarekani mmoja, Kevin Lynch, alilichunguza jambo hili katika miji ya Boston, Jersey City na Los Angeles, na mwaka 1960 akatoa kitabu. Alisema kwamba watu huujenga mji vichwani mwao kwa vitu 5: njia, kingo, maeneo, makutano na alama. Tazama reli yetu ya kati. Kwa msafiri ni njia. Kwa mkazi anayeivuka kila asubuhi ni ukingo. Chuma ni kile kile, ila maisha ya watu wawili yamekipa maana mbili.

Sasa twafika penye uzito. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu yahamie Dodoma, ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Mwaka 1976 ukatoka mpango kabambe uliotayarishwa na wataalamu kutoka Kanada. Wazo lake lilikuwa jema: jumuiya za watu zinazotosha kutembelewa kwa miguu, zikiunganishwa na njia za mabasi. Lakini mpango huchorwa kwa ajili ya watu ambao hawajafika, na hao waliokwisha kufika waweza kuonekana kama kosa la mchoraji. Mahali penye nyumba, watoto na makaburi, karatasi yaweza kuonyesha uwanja mtupu. Asiyeonekana katika ramani ni rahisi kuhamishwa, kwa kuwa mezani hayupo. Malalamiko ya wananchi juu ya ardhi yalikuwa miongoni mwa sababu zilizofanya Mamlaka hiyo ivunjwe mwaka 2017.

Je, basi, ramani ni adui? La hasha. Mtembea kwa miguu haoni kila kitu. Haoni mvua ya Januari itapita wapi ikishuka kutoka vilimani, wala gari la zimamoto litapenya wapi miaka 20 ijayo. Mpimaji huyaona hayo. Vivyo hivyo, nyumba zilipopewa anwani mwaka 2022 kabla ya Sensa, mgonjwa wa usiku alipata njia ya kueleza alipo hata kwa mtu asiyemjua jirani yake yeyote. Tena hata alama kavu huota mizizi. Eria A, Eria C na Eria D yalikuwa majina ya herufi tupu. Leo wapo waliozaliwa humo, na herufi hiyo ndiyo kwao.

Kwa hiyo kosa halimo katika namba wala katika herufi. Limo katika kuchora bila kuuliza. Twawafundisha watoto kwamba kuuliza si ujinga, kisha twasahau kwamba methali hiyo yamhusu na mtaalamu. Mimi naona ramani ya haki ni ile ambayo kabla ya kukauka wino mtu ametumwa kwenda kumwuliza mama muuza maandazi: "Hapa mnapaitaje? Maji hupita wapi? Watoto huvukia wapi?"

Nasi wenyeji tuna wajibu wetu. Mji umepanuka hadi Mtumba, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme huwashusha wageni wengi ambao hawana picha yoyote ya mji vichwani mwao. Mzee anayekasirika kwa sababu mti aliozoea kuelekezea watu umekatwa ana haki ya kusikitika. Hana haki ya kumnyima mgeni njia. Aseme palikuwa na mti gani, kisha aonyeshe kwa mkono pa kupitia, ili mgeni naye siku moja aweze kumwelekeza mwingine.