Manung'uniko Yageuke Kuchagua



Tusome Matendo ya Mitume 6:1-6. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa linakua, na manung'uniko yakatokea: wajane wa upande mmoja walisahauliwa wakati wa kugawanya chakula. Mitume hawakuwaita walalamikaji waasi. Waliita kusanyiko lote, wakaliambia lichague watu saba wanaoaminiwa. Watu wakachagua, ndipo mitume wakaomba na kuwawekea mikono.

Tuangalie vizuri. Mitume walijaa Roho Mtakatifu. Wangeweza kusema: tumeonyeshwa majina saba, yapokeeni. Hawakusema hivyo. Sisi tulio kanisa la unabii tulishike jambo hili. Wakati wa kampeni hutokea mtu akasema ameona katika ndoto mgombea fulani ameketi juu ya kiti. Tumpime huyo. Ndoto haihesabu kura. Na mgombea akileta chumvi na vitenge mbele ya madhabahu, tujiulize anatununua miaka 5 kwa bei gani.

Katika nchi yetu, tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Mkutano Mkuu wa Taifa ulifunguliwa Agosti 1991. Serikali ilipousimamisha Januari 1992, wakristo wa Kinshasa waliandamana tarehe 16 Februari bila silaha. Askari waliwapiga risasi, na watu wakafa. Mwezi wa Aprili Mkutano ukafunguliwa tena. Manung'uniko yao hayakubaki jikoni.

Tumechagua rais na wabunge mara 4: 2006, 2011, 2018 na 2023. Lakini mkubwa aliye karibu nasi je? Sheria ya Oktoba 2008 inasema kila sekta iwe na baraza la madiwani waliochaguliwa na raia, na baraza hilo limchague mkuu wa sekta. Fizi ina sekta 4: Lulenge, Mutambala, Ngandja na Tanganyika. Mwaka 2023 kura ya madiwani ilipigwa katika komini za miji mikuu ya majimbo, kama Bukavu. Sekta zetu hazikuipiga. Basi mama anayelipa ushuru wa samaki sokoni alibaki bila diwani wa kumwuliza: fedha yangu imefanya kazi gani? Huyo ndiye mjane wetu aliyesahauliwa.

Wako vijana wanaosema bunduki ndiyo kura yao. Tumeona hapa Fizi namna bunduki inavyochagua: yenyewe huongeza wajane, haiwalishi.

Njia yetu ni ya Yerusalemu. Kila kusanyiko lichague baba mmoja na mama mmoja. Waungane na shirika la raia, waende ofisini kwa sekta na barua, waulize hesabu ya ushuru kwa heshima, waulize pia siku ya kura ya madiwani. Wakirudishwa, waende tena.

Na tuanzie nyumbani mwa Bwana. Sadaka ihesabiwe na kusomwa mbele ya watu wote kila mwezi. Sisi mashemasi tuliwekwa kwa ajili ya meza. Tukificha hesabu ya meza, tutamwuliza nani hesabu ya soko?

Bwana atupe hekima ya kuchagua na moyo wa kuulizwa. Amina.