Aliyeangushwa Siku ya Kukimbia

Neno: 2 Samweli 4:4; 9:1–13

Mefiboshethi alikuwa na miaka 5 habari za kifo cha Sauli na Yonathani zilipofika. Yaya wake akamchukua mbio, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Angalia hapo: hakupigwa na adui. Aliumia wakati anaokolewa.

Sisi wa pwani ya kusini tunalijua jambo hili. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na fujo zikasambaa hadi huku Kwale. Zaidi ya watu 100 waliuawa, na wapatao 100,000 wakahama makwao. Watoto wa watu wa bara walibebwa gizani. Wengi wakalala kanisa Katoliki la Likoni. Kisha misako ya polisi ikaingia nyumba za Wadigo, na huko pia watoto wakaona baba zao wakichukuliwa.

Mtoto wa miaka 5 wakati ule leo ni mzazi. Ana nyumba Ukunda, ana kazi Diani, anaimba kwaya. Lakini mlango ukigongwa usiku, moyo unamwenda mbio. Kampeni za uchaguzi zikianza, usingizi hana. Anawafokea wanawe, wala hajui hasira imetoka wapi. Nasi upesi tunasema, "Huyo ana pepo," ama, "Imani yake ndogo."

Daudi hakuanza hivyo. Alianza kwa kuuliza: nani amebaki? Tena aliulizia nyumba ya Sauli, yule aliyemwinda! Akamtoa Mefiboshethi kule Lo-debari, akamketisha mezani pake. Na sura ya 9 inaishaje? Anakula kwa mfalme siku zote, na miguu bado ni ile ile. Hakuambiwa apone kwanza ndipo aketi. Haleluya!

Basi wiki hii, mpendwa, muulize mmoja: "Mwaka ule ulikuwa wapi?" Msikilize bila kumkatiza, hata kama ni jirani yako Mwislamu. Omba naye. Na ukiona hali wala halali, ama anataja kujiua, usimwache peke yake. Msindikize hospitali siku hiyo hiyo, Msambweni ama iliyo karibu. Kwenda kwa daktari si kukosa imani. Luka mwenyewe alikuwa tabibu.

Maombi: Baba, tukumbushe walioangushwa siku ya kukimbia. Utupe meza pana, na masikio ya kusikiliza. Katika jina la Yesu, Amina.