Kutazama na Kutamani

Miaka michache iliyopita, wakati wa likizo ya shule, mzazi mmoja wa Mwera, upande wa kusini wa mto Pangani, aliwachukua watoto wake watatu akaenda nao Dar es Salaam kuwaamkia ndugu zake. Katika safari hiyo alitenga siku moja nzima kuwatembeza Mlimani City, jumba kubwa la maduka lililofunguliwa mwaka 2006 juu ya ardhi ya Chuo Kikuu. Waliingia asubuhi, wakatoka jua likizama. Walitazama viatu, televisheni, vitabu, na masanamu yaliyovikwa suti. Walitembea ndani penye ubaridi hali watu wa nje wakitoka jasho. Wakanunua aiskrimu nne, basi. Aliporudi kijijini, jirani mmoja alimlaumu: "Yaani umekula nauli kwenda kutazama mali ya watu?" Na mwingine akamwambia neno zito zaidi: "Umewafundisha watoto kutamani."

Je, lawama hizi ni za haki? Jambo hili laonekana dogo, walakini ndani yake mna maswali mawili yanayozihusu nyumba zetu zote, za mjini na za shamba: Kupumzika ni nini? Na ni wapi kutazama kunakoma na kutamani kunakoanza?

Kwanza tumtetee mzazi huyu. Mtu si jembe, la kutumika mchana na kuwekwa pembeni usiku. Yampasa kuwa na siku ya kutembea polepole, bila kazi na bila haraka, pamoja na wale awapendao. Tena kutazama si wizi. Yasimuliwa juu ya Socrates, mwenye hekima wa Athens, kwamba alipopita kati ya bidhaa tele za sokoni alistaajabia wingi wa vitu ambavyo yeye hakuvihitaji. Alitazama kama wengine, akarudi nyumbani mikono mitupu, na moyo wake ulikuwa huru kuliko alipotoka. Na pwani yetu si ngeni kwa mambo hayo. Katika karne ya 19 Pangani ilikuwa mlango wa misafara ya bara. Wapagazi walioteremka na pembe za ndovu walikuta huku merikani na shanga, na twaweza kukisia kwamba wengi wao walisimama wakashangaa. Kushangaa si dhambi. Mtoto asiyeshangaa hajifunzi kitu.

Lakini jirani wa pili naye hakusema upuuzi. Wahenga walinena: macho hayana pazia. Na mwenye duka ajua vema kwamba hayana. Tumfikiri Victor Gruen, msanifu wa majengo, mzaliwa wa Vienna, aliyewakimbia Wanazi mwaka 1938 akahamia Marekani. Mwaka 1956 lilifunguliwa jumba lake la Southdale karibu na Minneapolis, nalo likawa kielelezo cha majumba ya namna hii duniani. Nia yake ilikuwa njema: aliwaona watu wa vitongoji wakiishi mbalimbali, kila mmoja na motokaa yake, akataka kuwapa uwanja wa kukutania kama ule wa miji ya kale. Uzeeni alirudi Vienna, na majumba hayo akayakana, kwa kuwa aliona uwanja umesahauliwa, biashara imebaki peke yake.

Hapo twaona tofauti ya soko letu na jumba lile. Katika soko la samaki mtu husalimiwa, huulizwa habari za mama yake, hubishana bei, hata akacheka. Katika jumba la maduka bei imekwisha andikwa, na mdomo hauna kazi. Tusidanganyane: bei iliyoandikwa humlinda mnyonge asipunjwe, nalo ni jambo jema. Lakini mahali ambapo mtu hana la kusema, macho hubaki kufanya kazi yote. Na macho yaliyoachwa peke yao huchoka upesi, kisha huanza kudai.

Tena tukumbuke kwamba mapumziko yetu ni kazi ya wengine. Yupo mlinzi aliyesimama mlangoni tangu alfajiri, yupo mama anayepiga deki sakafu tunayoichafua, yupo binti auzaye viatu ambaye yeye mwenyewe hakuketi mchana kutwa. Papa Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alifundisha kwamba pumziko ni haki ya mfanyakazi, wala si hisani ya tajiri. Basi, ikiwa Jumapili yetu hukamilika kwa kumnyima mwenzetu Jumapili yake, yafaa tujihoji.

Sasa twaja kwenye shina la habari. Mzazi yule alisema kwamba lawama za majirani hazikumwumiza. Lililomwumiza lilitokea njiani, wakiwa juu ya pantoni wakivuka kwenda Bweni. Binti yake wa miaka minane alimwuliza: "Baba, kumbe sisi ni maskini?" Asubuhi ya jana yake neno hilo halikuwamo kichwani mwa mtoto. Baba alitazama maji, hakujibu.

Angejibu nini? Wako watakaosema angemwambia, "La, mwanangu, sisi ni matajiri wa moyo." Jibu hilo ni tamu, lakini halitoshi. Umaskini upo, nao si wa kupambwa kwa maneno. Asiyepata dawa ya mtoto wake, au daftari la shule, ana upungufu wa kweli, na kumwambia aridhike ni ukatili uliovikwa joho la hekima. Upungufu huo ni wa kuondolewa kwa kazi, kwa haki na kwa kusaidiana.

Lakini binti yule hakuuliza juu ya dawa wala daftari. Aliuliza juu ya vitu ambavyo jana yake hakuvijua wala hakuvikosa. Huu ni umaskini wa namna ya pili, unaotengenezwa na kioo: mtu hupungukiwa kwa sababu ameonyeshwa tu. Nao hauna mwisho, kwa kuwa nyuma ya kila kioo kipo kioo kingine. Hata maduka yenyewe hayadumu. Katika jumba lile lile Shoprite ilimwachia nafasi Nakumatt mwaka 2014, na baada ya miaka michache Nakumatt nayo ikaanguka. Atakayepima utu wake kwa kipimo kisichoweza kujisimamisha chenyewe atapima nini?

Kwa hiyo twaona jibu la haki lingekuwa hili: "Mwanangu, yapo tunayoyahitaji na hatuna, na hayo nayahangaikia. Yapo pia tuliyoyaona tu, na kuyakosa hayo si umaskini." Mtoto aliyefundishwa kutenga mambo haya mawili aweza kuingia katika jumba lolote duniani akatoka salama.

Basi, wazazi, hatusemi msiwapeleke watoto wenu kuona mji. Wapelekeni, lakini msiwaache peke yao na macho yao. Semeni nao. Waulizeni kila kitu kimetoka wapi, kimefanywa na nani. Mtoto wa Mwera, ambaye wilaya yake ya Pangani ilipokea miche 62 ya mkonge iliyosalimika ikapandwa Kikogwe mwaka 1893, aweza kufahamu upesi kwamba kamba haizaliwi dukani: ipo mikono iliyokata majani yake. Msalimieni mlinzi, mshukuruni afagiaye. Na aiskrimu ile msiidharau, kwa maana iligawanywa na watu wapendanao, wala katika siku ile nzima hapakuwa na kitu kingine walichokula pamoja.

Ama yule baba, twasikia kwamba baadaye alimjibu binti yake. Alichelewa siku mbili. Si kitu; swali la mtoto halichachi.