Je, Mti Una Dhambi?

Katika bustani ya Pamplemousses, kisiwani Morisi, watu hukusanyika penye bwawa la yungiyungi, ambalo majani yake yameinua kingo kama sinia. Binti yetu naye alisimama hapo. Lakini mimi, mtu wa Unguja, nilimvuta niende kumsimulia habari za mkarafuu.

Nikamweleza kuwa mwaka 1770 watu waliotumwa na Mfaransa Pierre Poivre waliitorosha miche ya karafuu kutoka Maluku, ambako Waholanzi waliihodhi, wakaileta hapa. Mwanzoni mwa karne ya 19 karafuu ikavuka kutoka visiwa hivi hadi kwetu. Mashamba yakapaliliwa na watumwa, na utumwa haukupigwa marufuku Unguja ila mwaka 1897.

Akauliza: "Baba, basi mti huu una dhambi?"

Mama yake akaniambia: "Mwache mtoto afurahi kwanza."

Alikuwa na haki. Furaha ya mtoto si kosa, na mti haukuuchagua mkono ulioupanda. Lakini sisi tunaokaa kivulini tuna akili, wala hatuna udhuru wa mti. Kung'oa mikarafuu hakumrudishii marehemu jasho lake. Kunyamaza nako kunamnyima hata kutajwa, nacho ndicho kidogo tuwezacho kumpa.

Basi nimjibu nini? Mti hauna dhambi, mwanangu. Nasi hatuna, maadamu hatusahau. Kisha nikamrudisha bwawani.