Kuonja na Kujua

Matembezi ya kuonja chakula na divai ni ziara ya saa tatu au nne ambayo kikundi kidogo cha wageni hufanya kwa miguu katikati ya mji, kikiongozwa na mwenyeji anayejua maduka, majiko na historia. Hakuna anayekaa mahali pamoja akala akashiba. Hapa kipande cha jibini, pale tone la siki kwenye kijiko, mbele kidogo glasi ya divai, na kila kituo kina maneno yake. Bologna, kaskazini mwa Italia, unafaa kwa ziara ya namna hii kuliko miji mingi. Waitaliano wameupa majina matatu: Msomi, kwa ajili ya chuo kikuu ambacho kwa mapokeo kilianza mwaka 1088, Mnene, kwa ajili ya meza yake, na Mwekundu, kwa rangi ya matofali yake na baadaye kwa siasa zake. Kwa kawaida matembezi hupita Quadrilatero, vichochoro vya soko la tangu Zama za Kati pembeni mwa uwanja wa Piazza Maggiore. Hata mvua ikinyesha mtu halowi sana, kwani mji una takriban kilomita 62 za baraza zenye matao, ambazo baadhi yake ziliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2021.

Anayelipia ziara hiyo huahidiwa kwamba atauonja mji, na kuuonja kunachukuliwa kuwa ndiko kuufahamu. Hapo pana swali la kale la falsafa na la dini pia: je, kuonja ni kujua? Ikiwa ndivyo, ulimi ni mlango wa elimu kama jicho na sikio. Ikiwa sivyo, matembezi ni mlo tu uliokatwa vipande vipande na kupambwa kwa hadithi.

Lugha nyingi zimekwisha kujibu ndiyo. Kitenzi cha Kilatini *sapere* kilimaanisha kuwa na ladha, na pia kuwa na akili; kikazaa *sapientia*, yaani hekima. Kiitaliano kimerithi vyote viwili: *sapere* ni kujua, *sapore* ni ladha. Katika Kiarabu, neno *dhawq*, kuonja, lilichukuliwa na masufi kuwa jina la elimu isiyopatikana kwa kusimuliwa. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilieleza katika kitabu chake *al-Munqidh min al-Dalal*: ni jambo moja kujua maana ya afya na sababu zake, na ni jambo jingine kabisa kuwa mzima. Kiswahili nacho husema mtu ameonja dhiki, ameonja uhuru, ameonja mauti, kwa maana kwamba jambo limempata mwilini wala hakuhadithiwa. Tena Kiswahili hakisiti kusema mtu *anasikia* ladha, kana kwamba ulimi una sikio lake. Usemi huu una kina, na utafaa baadaye.

Wanafalsafa hawakukubali upesi. Katika *Gorgias* ya Plato, Sokrate anasema upishi si sanaa yenye elimu bali ni mazoea ya kuupendeza mwili bila kujua unachohitaji, tofauti na uganga wa tabibu. Chini ya dharau hiyo kuna hoja nzito. Jicho huacha kitu kilivyo, na mwingine anaweza kuja akakitazama akasahihisha. Watu elfu wanaweza kuupima kwa macho mnara wa Asinelli wa Bologna na kubishana juu ya urefu wake. Kilichoonjwa hakipo tena, na hakuna wawili waliowahi kula tonge lile lile. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790 juu ya uamuzi, aliifikisha hoja hii mwisho wake: anayesema mvinyo wa Visiwa vya Kanari unapendeza, sharti aongeze kwamba unampendeza yeye. Uzuri wa shairi au wa jengo hudai kukubaliwa na wote. Utamu wa mvinyo haudai chochote kwa mtu wa pili.

Miaka 33 kabla ya Kant, mwaka 1757, David Hume alikuwa ametoa mfano unaoielekea hoja hiyo uso kwa uso, nao ni wa divai. Aliutoa kwa Cervantes, katika habari za Sancho Panza na ndugu zake wawili. Ndugu hao waliitwa kuonja divai ya pipa moja. Wa kwanza akasema ni nzuri, ila ina ladha kidogo ya ngozi. Wa pili akasema ni nzuri, ila ina ladha kidogo ya chuma. Wakachekwa wote wawili. Pipa lilipokwisha, chini yake ukaonekana ufunguo wa zamani uliofungwa kwa ukanda wa ngozi. Basi ulimi unaweza kusema kweli kuhusu kitu kilicho nje yake, na kweli hiyo inaweza kuthibitishwa. Tena hakuna kati ya ndugu wale aliyeijua yote. Ufunguo ulikuwa wa mmoja na ukanda wa mwingine, na aliyetaka habari kamili alihitaji kuwasikiliza wote wawili.

Dhidi ya Hume huletwa jaribio lililochapishwa mwaka 2001 kutoka Bordeaux. Wanafunzi 54 wa elimu ya divai walipewa divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha, wakaieleza kwa maneno ambayo kwa desturi hutumika kwa divai nyekundu. Wengi hulitaja jaribio hili kama ushahidi kwamba waonjaji ni waongo. Hiyo ni kulisoma vibaya. Linaonyesha kwamba ulimi haufanyi kazi peke yake. Ulimi wenyewe hutambua mambo machache: utamu, uchachu, chumvi, uchungu, na ile ladha nono ya mchuzi ambayo Mjapani Kikunae Ikeda aliitambua mwaka 1908 katika supu ya mwani, akaiita umami. Sehemu kubwa ya mengine yanayoitwa ladha ni harufu inayopanda puani kutoka nyuma ya kinywa, na juu ya harufu hiyo akili huweka rangi, jina, kumbukumbu na matarajio. Jambo linaloundwa kwa viungo vingi hivyo linaweza kupotoshwa kwa njia nyingi. Kwa njia hizo hizo linaweza kufundishwa.

Mafundisho yenyewe huonekana vizuri kwenye kituo cha jibini. Gurudumu la Parmigiano Reggiano lina uzito wa karibu kilo 40, na hula zaidi ya lita 500 za maziwa. Hukaa ghalani si chini ya miezi 12, kisha huja mkaguzi mwenye nyundo ndogo, akaligonga pande zote huku akisikiliza kama ndani mna ufa au uwazi. Dukani halikatwi kwa kisu cha kawaida. Muuzaji hudidimiza kijisu kifupi chenye umbo la lozi, akakizungusha kidogo, na jibini hupasuka kwa kufuata chembe zake yenyewe, ikaacha uso mkavu wenye mabonde kama jiwe lililovunjwa. Ndani mna vidoa vyeupe vinavyolia chini ya jino. Mgeni hudhani ni chumvi. Mwongozaji humweleza kwamba ni fuwele za tairosini, zinazojitenga kadiri protini ya maziwa inavyovunjika, na kwamba ni alama ya umri. Mgeni anachukua kipande cha pili, na safari hii anachosikia ni umri. Jibini haikubadilika hata kidogo, wala ulimi. Kilichoingia ni neno, na neno lilifungua kilichokuwa kikigonga mlango tangu tonge la kwanza. Ndiyo maana kikundi kizima sasa kinaweza kuulizana nani amesikia nini, na kuafikiana au kupingana kwa sababu zinazotajika. Kant alikosea kuufunga utamu ndani ya kinywa cha mtu mmoja.

Hata hivyo mkaguzi yule wa nyundo hakufundishwa kwa dakika kumi. Siki ya asili ya Modena, mji jirani, hukaa angalau miaka 12 katika mapipa madogo yaliyopangwa kwa ukubwa, na ile iliyozeeka hasa hufikia miaka 25. Mgeni huimaliza kwa kulamba kijiko mara moja. *Sfoglina*, mwanamke wa kazi ya kusukuma tambi, husukuma unga na mayai kwa mti kama ule wa chapati ila mrefu zaidi, mpaka donge linakuwa shuka jembamba ambalo, kwa msemo wa wenyeji, kanisa la San Luca kilimani lionekane ng'ambo yake. Mikono yake inajua unyevu wa hewa ya siku hiyo bila kuulizwa. Elimu hii ni ya miaka, na hakuna ziara inayoweza kuiuza. Inachoweza kuonyesha ni kwamba ipo, na mgeni muungwana huondoka akijua ukubwa wa asichokijua.

Upande wa maadili, swali linakuwa kali zaidi. Papa Gregori Mkuu, katika karne ya 6, alitaja sura tano za ulafi, na Thoma wa Akwino akazifuata katika karne ya 13: kula kabla ya wakati, kula vya anasa, kula kupita kiasi, kula kwa pupa, na kula kwa kudai maandalizi ya kudekeza. Thoma alikuwa mtawa wa shirika la Dominiko, na Dominiko mwenyewe alifia Bologna mwaka 1221. Kaburi lake haliko mbali na maduka ya Quadrilatero. Kwa kipimo cha tatu matembezi yanasalimika, maana vipande ni vidogo. Kwa cha tano yanayumba, kwani kazi yote ni kuchagua kilicho bora. Aristotle anasaidia kupambanua. Anamtaja mlafi aliyetamani koo refu kama la korongo: huyo alitaka mguso wa chakula kikipita. Kutambua ladha, anasema, ni kazi ya waonjaji wa divai na wapishi wanaokoleza vyakula, na si hapo ulafi unapokaa. Tofauti iko katika nini kinatafutwa. Mlafi anataka kitu kiwe yeye. Mwonjaji anasubiri kitu kimwambie habari zake. Ghazali, aliyeandika sehemu nzima ya kitabu chake *Ihya* juu ya kuvunja matamanio ya tumbo, angeuliza jambo moja zaidi: nafsi ikinyimwa kipande cha pili, inatulia?

Kisha wapo wasioonja kwa sababu ya imani. Divai ni kiini cha misa ya Kikatoliki, na kwa Mwislamu ni haramu. Bologna pia ni mji wa nguruwe. Mortadella, soseji nene ya waridi yenye vipande vya mafuta, ililindwa kwa amri ya Kardinali Farnese tangu mwaka 1661. Tortellini, vifuko vidogo vya tambi vinavyoviringwa na kuliwa katika supu, hujazwa nyama ya kiuno ya nguruwe, paja lililokaushwa, mortadella, Parmigiano, yai na kungumanga; ujazo huo uliandikishwa rasmi katika Chemba ya Biashara ya mji mwaka 1974. Asiyekula wala kunywa hivi huonekana kufungiwa nje ya elimu ya mji. Lakini mfano wa Ghazali una upande wa pili. Mlevi, anasema, yumo katika ulevi bila kujua maana yake, ilhali mtu mwenye akili timamu anaijua maana hiyo naye hajalewa. Anayejizuia hakosi kila kitu. Anaiona meza yote, pamoja na mpaka wake, na mpaka ni sehemu ya habari za meza.

Mwaka 2019 mpaka huo ulizua mzozo wa kitaifa. Kwa sikukuu ya Mtakatifu Petronio, msimamizi wa mji, inayoadhimishwa Oktoba 4, ilipangwa kwamba kando ya tortellini za kawaida zigawiwe na nyingine zenye nyama ya kuku, zikaitwa tortellini za ukaribisho, ili asiyekula nguruwe naye apate sahani. Matteo Salvini, kiongozi wa chama cha Lega, alilipinga jambo hilo akidai historia ya Waitaliano inafutwa. Dayosisi ya Bologna ilieleza kwamba kuzingatia mahitaji na dini za wageni ni adabu ya kawaida ya sherehe yoyote. Hoja ya dayosisi ina nguvu zaidi. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba chakula kisiwe kikwazo kwa ndugu, na Mkristo wa Bologna hakuombwa hata aache chake. Mwanahistoria Massimo Montanari, aliyefundisha katika chuo kikuu cha mji huo huo, ameonyesha kwa mfano wa tambi za nyanya kwamba chakula kinachoitwa cha asili huundwa na mikutano ya watu wengi. Nyanya yenyewe ilitoka ng'ambo ya Atlantiki. Hata hivyo kubadilisha nyama hakumalizi adabu. Kuku naye, kwa Mwislamu, ana sharti la kuchinjwa, na mwenyeji hujua hilo kwa kumuuliza mgeni tu. Kuuliza huko ni elimu ya ladha pia.

Ziara ya kulipia huliuliza swali hili kila siku bila kelele za siasa. Mwongozaji mzuri huuliza kabla ya hatua ya kwanza nani hali nini, kisha hupanga vituo upya: jibini badala ya mortadella, tortelloni za jibini laini na majani badala ya tortellini, juisi ya zabibu mahali pa divai ya Pignoletto. Mgeni amelipa, kwa hiyo si mgeni kwa maana kamili. Hana deni la shukrani, na mwenyeji hana wajibu wa kumpokea kesho. Ukarimu ulionunuliwa una upungufu huo. Hata hivyo unaweza kumfikisha mtu mlangoni pa ukarimu mwingine.

Katika kichochoro cha Ranocchi upo mlango wa Osteria del Sole, kilabu cha divai kinachohesabu umri wake tangu mwaka 1465. Humo hakipikwi chakula. Huuzwa kinywaji tu, na kila mtu huja na kifurushi chake kutoka maduka ya jirani, akakifungua juu ya meza ndefu za mbao ambazo watu wasiojuana hukalia bega kwa bega. Karatasi ya jibini hufunguliwa kando ya karatasi ya nyama ya mtu mwingine, na anayetaka kuonja cha jirani sharti aombe.