Mwenye Kunakili Naye Ni Shahidi

Kamera yangu imenizidi umri. Ni ya kizazi cha mwanzo cha kamera za filamu zinazojitafutia fokasi zenyewe, kizazi kilichofunguliwa njia na Minolta 7000 mwaka 1985. Ukibonyeza kitufe nusu, mota inalia ndani, lenzi inaenda mbele, inarudi nyuma, na ikiridhika taa ndogo ya kijani inawaka. Niliinunua mtumba baada ya kuacha chuo, pamoja na lenzi ya milimita 50 ya kupigia vitu vya karibu. Hapa Machakos imekuwa ikinisaidia kulipa kodi ya nyumba: watu wananiletea picha za zamani, nazinakili.

Huniuliza kwa nini nisitumie simu. Simu natumia pia, ila yangu ina tabia ya kulainisha nyuso za watu bila kuulizwa. Na kuna wateja wanaotaka negativu, kitu cha kushika na kuweka sandukuni.

Kazi yenyewe haina muujiza. Kamera naifunga kwenye stendi ikitazama chini. Mezani naweka kioo cha kujitazamia, nasogeza mpaka lenzi ijione katikati. Hapo najua haijainama. Taa mbili, moja kila upande, nyuzi 45, ili mng'ao usirudi kwenye lenzi. Kazi iko kwenye fokasi. Nikinakili picha kwa nusu ya ukubwa wake, tundu la lenzi likiwa f/8, kina kitakachotoka wazi ni kama milimita 3 tu. Picha iliyojikunja kwa kukaa miaka ndani ya Biblia inazidi hapo.

Halafu kihisi cha kamera hizi za mwanzo ni kimoja, kiko katikati, na kinatafuta mahali weusi na weupe vinapokutana ghafla. Uso uliofifia hauna mahali kama hapo. Kwa hivyo mota inalia, inahangaika, halafu inashika mkunjo wa karatasi au muhuri. Taa ya kijani inawaka. Mashine imeridhika na kovu, uso imeuacha. Dawa ni kuweka kipande cha gazeti juu ya picha, kamera ishike herufi, nizime mota, niondoe gazeti, nipige.

Kwa muda mrefu nilidhani uaminifu wa mnakili unaishia hapo: picha isipinde, isiwe na ukungu, basi.

Kisha mzee mmoja wa mtaani akaniletea picha ya studio ya miaka ya sitini. Baba yake amekaa kwenye kiti, kofia gotini. Mama yake amesimama kulia. Kushoto kuna mwanamke mwingine, gauni la maua, amebeba mtoto. Mama ya mzee alikuwa amefariki na picha ilitakiwa kwenye programu ya mazishi. "Huyo wa kushoto mtoe tu, kijana," akaniambia. Sikuuliza kitu. Niliishusha kamera kidogo, nikaisogeza kulia, nikapiga. Ilikuwa picha safi, na mzee alifurahi.

Miezi michache baadaye alikuja mama mmoja, wa miaka kama sitini hivi. Alikuwa amesikia ni mimi niliyenakili ile picha. "Mtoto aliyebebwa ni mimi," akasema. "Na mama sina picha yake nyingine." Ile yenyewe, aliambiwa, ilipotea kwenye shughuli za matanga. Nilimtafutia negativu, nikaiinua dirishani. Ukingoni kulikuwa na kiwiko, na kipande cha gauni la maua. Aliangalia kwa muda mrefu. Mwishowe akaniuliza bila hasira yoyote: "Sasa mwanangu, si ungepiga yote kwanza?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo natafuta. Ningeweza kusema picha ilikuwa ya mzee, naye ndiye aliyelipa. Ningeweza kusema programu ya mazishi si hati ya korti, na mimi ni fundi tu, mambo ya nyumba za watu hayanihusu. Yote ni kweli, lakini hayanitoshi, kwa sababu moja: nilipokuwa napiga, nilidhani natengeneza nakala, na nakala haijui siku itakayoamka ikiwa ndiyo asili. Karatasi ikishapotea, nilichochagua kukiacha nje hakipo tena popote.

Na hili si jambo la familia peke yake. Mwaka 1937, wakati wa ukoloni, milima ya Machakos ilipigwa picha kuonyesha mmomonyoko wa udongo. Miteremko iko uchi, makorongo yamechimbika. Mwaka uliofuata serikali ilianza kuwanyang'anya Wakamba ng'ombe kwa hoja kwamba wamezidi, watu wakaandamana hadi Nairobi, na kiongozi wao Muindi Mbingu akapelekwa kizuizini Lamu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini watafiti walirudi kwenye sehemu zile zile na kupiga tena. Safari hii milima ina matuta na miti, ingawa watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano. Kitabu chao, *More People, Less Erosion*, kilitoka 1994.

Picha za 1937 hazikudanganya, udongo ulikuwa ukienda kweli. Lakini mpaka wa rizavu hauonekani kwenye picha ya mteremko, wala mashamba ya walowezi ng'ambo yake. Kinachobaki ni kilima kibaya, na anayetazama anajijazia mwenyewe kwamba watu wake ni wabaya. Kilichosaidia ni kwamba picha zilihifadhiwa, na mtu akaweza kurudi na kusimama mahali pale pale.

Siku hizi naanza na picha nzima, kingo za karatasi zikionekana, halafu nyuma yake kama kuna maandishi. Baada ya hapo napiga anavyotaka mteja, na namwambia kabla hajalipa. Wengine wamechukua picha zao wakaenda.

Kanuni hii ina tobo, najua. Dada mmoja aliniletea picha ya utotoni akitaka baba yake atolewe. Alinieleza kwa nini, na sababu yake ilinitosha. Hapo nani ana haki ya kunidai picha nzima? Nilipiga zote mbili, nikampa negativu zote, aamue mwenyewe. Lakini ningefanya hivyo hivyo kwa mzee, ya picha nzima ingeishia jikoni kwenye moto.

Kwa hivyo sidai nimepata jibu. Ninachojua ni kwamba kukata si sehemu ya ufundi kama kupanga taa. Ni neno ninalosema kuhusu watu, na nikilisema lazima nikubali ni langu. Ile negativu yenye kiwiko bado ninayo. Nimeandika kwenye bahasha: kushoto kulikuwa na mama na mtoto, nimewakata mimi.